Mita Kumi na Tisa Tu

"Ni mita kumi na tisa tu," alisema baba,
akipima bustani kwa macho kutoka mlango wa jikoni.
Mimi ni fundi umeme. Hilo neno *tu* nalijua.
Nimelikuta darini mwa watu, limeungua,
limenata kwenye mbao kama lami,
likinuka samaki aliyelala:
ni soketi moja tu, ni manyunyu tu,
ni mpaka Jumatatu tu.

Miaka kumi na mmoja umeme wa kibanda
ulipitia dirishani,
waya wa rangi ya chungwa, wa mashine ya nyasi,
umejinyoosha juu ya kamba ya nguo,
na dirisha la jikoni halikufungwa,
si kwa theluji, si kwa Krismasi.
Mama alipika kavaa koti.
Lile pengo alilibandika jina: Mpangaji.
"Mpangaji kaingia na mvua leo,"
husema, huku akipangusa kizingiti.

Basi Aprili nikaja Wales ya kwetu, kwenye milima,
na kebo yenye deraya,
nyeusi, nzito, isiyotaka kukunjwa,
nyaya tatu ndani ya chuma kilichosokotwa.
Na koleo mbili.
Kina: nusu mita, na kidogo juu yake.
Baba akafika kwenye kifundo cha mguu, akaegemea mpini.
"Hapa nani atachimba tena?"
"Wewe. Viazi."
Hakujibu. Akachimba.

Ardhi yetu ni ngozi tu
(naam, na mimi limeniponyoka),
chini yake ni lile jiwe la kuezekea,
jiwe linalochanika kurasa kwa kurasa.
Babu alilisoma kwa patasi hadi mapafu yakajaa vumbi lake.
Baba akakigonga kipande kimoja kwa ukucha,
akakisikiliza,
akakiweka kando bila kusema cha nini.

Tukafukua kijiko. Taya la Pero, mbwa wetu wa zamani.
Kigari cha bati, gurudumu moja.
"Ulikililia siku mbili," alisema baba.
Mimi sikumbuki.

Mchanga, kebo, mchanga,
kisha utepe wa manjano wa kuonya,
barua kwa mtu ambaye bado hajashika koleo.
Kisha udongo, tukaukanyaga pamoja,
mabuti manne, bila wimbo.

"Washa tu!" akaita kutoka kibandani,
kati ya redio zake mbovu, zote zimefunuliwa matumbo.
Sikuwasha. Nilipima.
Kuna waya mmoja, kijani na manjano,
ambao mambo yakiwa sawa haufanyi kazi yoyote.
Umelala pale miaka na miaka
ukingoja kosa la mtu mwingine ili uubebe moto wake ardhini.
Nilitaka kumwambia baba jambo kuhusu waya huo.
Nikakaza skrubu.

Nikajaza cheti. Tarehe. Vipimo.
Kwenye nafasi ya mteja nikaandika Emrys Prydderch,
jina zima, mara ya kwanza maishani mwangu.
Siku nilipopewa cheti changu cha ufundi hakuja;
alikuwa na redio ya mtu.
Hiki alikisoma mstari kwa mstari, miwani puani,
akakitundika juu ya meza yake ya kazi
kwa msumari,
na chini yake akakiegesha kile kipande cha jiwe.

Taa ikawaka. Redio moja ikakohoa, ikatoa Kifaransa.
Mama, jikoni, akauchomoa waya wa chungwa,
akauzungusha kiwikoni kama uzi wa sufu,
akalisukuma dirisha.
Halikufunga.
Akalipiga kwa kiganja, kwa bega.
Mbao zilikuwa zimezoea, zimevimba kwa mvua za miaka kumi na mmoja,
zimesahau umbo la fremu yake.

Baba akaja, akapitisha kidole gumba ukingoni.
"Halina neno," akasema. "Nitalipiga randa.
Kidogo tu."

Mama akanitazama.
Akafunga kifungo cha juu cha koti.